Udongo Utoao Dawa: Namna ya Kufundisha Habari za Bakteria wa Udongoni na Usugu Dhidi ya Dawa

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya Darasa la Sita, nikiwa mkufunzi msimamizi, katika shule iliyo kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Mwalimu mwanafunzi niliyekwenda kumwangalia alikuwa amejiandaa vizuri. Andalio lake la somo lilikuwa kamili, chati yake ilisomeka hadi dawati la mwisho, na alieleza kwa ufasaha jinsi wataalamu walivyopata dawa ya kifua kikuu kutokana na bakteria wa udongoni. Watoto walisikiliza kwa makini. Karibu na mwisho wa kipindi mtoto mmoja wa kike alinyosha mkono akasema: "Mwalimu, kumbe bibi hakukosea alipompaka mdogo wangu udongo kitovuni?"

Mwalimu alisita. Akasema swali lile ni zuri na litajibiwa katika kipindi kijacho. Kengele ikalia. Lakini wiki ile ilikuwa ya mwisho ya mazoezi, na kipindi kijacho hakikupatikana. Mimi niliyeketi nyuma, ambaye ningeweza kusimama na kutoa jibu kwa dakika mbili, sikusimama. Niliandika kwamba somo limefaulu, nikatoa alama nzuri, nikaondoka.

Kila nikikumbuka siku ile huona kwamba somo halikufaulu hata kidogo. Watoto arobaini na zaidi walirudi nyumbani wakiwa na ukweli nusu, na ukweli nusu katika mambo ya afya huweza kuua. Makala haya yanakusudia kumpa mwalimu mwanafunzi maarifa na njia za kulifundisha somo hili kikamilifu, pamoja na jibu nililopaswa kulitoa siku ile.

Madhumuni ya somo

Somo limegawanywa katika vipindi vitatu. Baada ya vipindi hivyo kila mwanafunzi aweze:

(a) kueleza kwamba udongo una viumbe hai wasioonekana kwa macho, wengine wenye manufaa na wengine wa hatari;
(b) kueleza kwa maneno yake mwenyewe jinsi dawa za kuua bakteria zilivyopatikana kutokana na viumbe wa udongoni;
(c) kuonyesha kwa mfano kwa nini dawa zisizotumiwa ipasavyo huzaa bakteria sugu;
(d) kutoa sababu ya kutopaka udongo, samadi wala majivu kwenye kidonda au kitovu cha mtoto mchanga.

Lengo la nne si nyongeza. Mwalimu ambaye hana muda wa kulifikia, heri asilianze somo lenyewe.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua kwanza

1. Uhai uliomo udongoni. Gramu moja ya udongo wenye rutuba, ambayo haijazi hata kijiko cha chai, huweza kuwa na bakteria wafikao bilioni moja. Udongo wa kihamba cha Kilimanjaro umetokana na miamba ya volkano, na kila mwaka hulishwa majani ya migomba, majani ya mibuni na samadi ya ng'ombe wa zizini. Hapo ndipo bakteria hustawi, kwa kuwa chakula chao ni mabaki ya mimea na wanyama. Wao ndio wanaoyaozesha mabaki hayo na kuyarudisha kuwa rutuba.

Miongoni mwao limo kundi liitwalo streptomisesi. Bakteria hawa hukua kama nyuzi nyembamba sana. Mwanafunzi hajapata kuwaona, lakini amekwisha kuwanusa. Harufu ile nzuri inayopanda kutoka ardhini mvua za kwanza zinapoanguka juu ya udongo mkavu husababishwa hasa na kemikali iitwayo jeosmini, na watengenezaji wake wakuu ni hao streptomisesi. Mwalimu aitunze habari hii, kwa sababu ndiyo mlango bora wa kuingilia somo.

Bakteria wa udongoni huishi kwa kugombea chakula na nafasi. Baadhi yao hutoa kemikali zinazowazuia au kuwaua majirani. Kemikali hizo, zikitenganishwa na kusafishwa, ndizo chanzo cha dawa nyingi za antibayotiki, yaani dawa za kupambana na bakteria.

2. Jinsi dawa zilivyopatikana. Mwaka 1928, katika maabara mjini London, Alexander Fleming aliona kwamba ukungu ulioota katika sahani yake ya vijidudu umewaua bakteria walioko karibu nao. Hiyo ikawa asili ya penisilini. Lakini penisilini haikufaa kwa kifua kikuu.

Selman Waksman, mtaalamu wa udongo katika Chuo Kikuu cha Rutgers huko New Jersey, Marekani, aliamua kufanya kwa mpango kile ambacho Fleming alikipata kwa bahati. Yeye na wanafunzi wake waliwachunguza maelfu ya bakteria wa udongoni, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1943 mwanafunzi wake Albert Schatz, aliyekuwa na umri wa miaka 23, alipata aina mbili za streptomisesi zilizotoa kemikali ya kuua bakteria wa kifua kikuu. Aina moja ilitoka katika udongo wa shamba lililotiwa samadi, na nyingine katika koo la kuku. Dawa hiyo iliitwa streptomaisini. Waksman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952, naye Schatz ilimbidi aende mahakamani ndipo atambuliwe, mwaka 1950, kuwa mgunduzi mwenza.

Baada ya hapo wataalamu walikusanya udongo kila pembe ya dunia. Shamba la Missouri, Marekani, lilitoa dawa ya kwanza ya jamii ya tetrasaiklini, iliyotangazwa mwaka 1948. Udongo wa Ufilipino ulitoa erithromaisini, na ule wa kisiwa cha Borneo ulitoa vankomaisini. Mwaka 1957 udongo wa pwani ya kusini ya Ufaransa ulitoa kemikali ambayo baadaye ilifanyiwa marekebisho ikawa rifampisini, dawa iliyo nguzo ya tiba ya kifua kikuu hadi leo. Mgonjwa anayeimeza huona mkojo wake umekuwa wa rangi ya chungwa, na watoto wenye mgonjwa nyumbani huenda wakawa wamesikia habari hiyo.

Afrika Mashariki nayo imetoa mchango wake, ijapokuwa kwa maradhi mengine. Bakteria anayetumiwa kutengeneza akabosi, ambayo ni dawa ya kisukari, asili yake ni Ruiru nchini Kenya. Mwalimu asiwaambie watoto kwamba udongo wa Kilimanjaro umekwisha kutoa dawa fulani. Awaambie kwamba ni udongo wa namna hiyo hiyo, wenye viumbe wa jamii hizo hizo, na kwamba mtaalamu atakayeuchunguza kesho huenda yumo katika darasa lao.

3. Hatua za utafutaji. Kwa ufupi kazi hufanyika hivi. Kwanza, udongo huchukuliwa na mahali ulipotoka huandikwa. Pili, huchanganywa na maji safi na kuzimuliwa mara nyingi, ili bakteria watawanyike. Tatu, tone la maji hayo huenezwa juu ya chakula kigumu ndani ya sahani, na kila bakteria huzaa kundi lake linaloonekana kwa macho. Nne, kundi moja moja hupandwa karibu na bakteria wa maradhi. Pakitokea uwanda mtupu kulizunguka kundi hilo, bakteria wa maradhi wakashindwa kuusogelea, ni dalili kwamba kuna kemikali inayowazuia. Tano, kemikali hiyo hutenganishwa, husafishwa, hupimwa kama ina sumu kwa mwili, hujaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu. Hatua ya tano huchukua miaka mingi, na vitu vingi vilivyoonekana vizuri katika sahani hushindwa hapo.

Tangu miaka ya 1960 dawa mpya za namna hii zimepatikana kwa shida. Watafutaji waliendelea kukuta zile zile zilizokwisha kujulikana. Isitoshe, katika kila bakteria mia moja wa udongoni ni kama mmoja tu anayekubali kuota katika chakula cha kawaida cha maabara. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitangaza teiksobaktini. Waliipata kwa bakteria waliyemkuza ndani ya kifaa chenye vitundu vidogo kilichorudishwa udongoni, ili bakteria aote katika mazingira aliyoyazoea. Badala ya kumlazimisha kiumbe aje maabara, waliipeleka maabara kwake.

4. Usugu. Hapa ndipo uzito wa somo ulipo. Nchini Uingereza streptomaisini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1948. Wagonjwa 55 walipewa dawa hiyo peke yake pamoja na mapumziko ya kitandani, na wengine 52 walipewa mapumziko tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Ilionekana kuwa ushindi mkubwa. Lakini baada ya miaka mitano walikuwa wamekufa 32 kati ya wale 55, na 35 kati ya wale 52. Faida ilikuwa karibu imetoweka, kwa sababu bakteria sugu walikuwa wameota ndani ya miili ya wagonjwa.

Kutokana na hayo wataalamu walijifunza kwamba kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja. Bakteria mmoja kati ya mamilioni huweza kuwa sugu kwa dawa ya kwanza, na mwingine kwa dawa ya pili. Ni vigumu mno kumpata aliye sugu kwa zote mbili kwa pamoja. Anayeponyoka dawa hii hunaswa na ile.

Usugu wenyewe ni wa kale kuliko hospitali. Bakteria atoaye sumu hana budi kuwa na kinga ya kujilinda nayo, na majirani zake nao hujipatia kinga zao. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba wamekuta chembe za urithi za usugu katika ardhi ya barafu ya kaskazini mwa Kanada yenye umri wa miaka 30,000. Udongo uliotupa dawa ndio pia ulioficha silaha za kuzishinda dawa hizo. Sisi hatukuuanzisha usugu. Tumeupa nafasi ya kuenea.

5. Kibong'oto na historia yetu. Hapa mwalimu wa Kilimanjaro ana bahati, kwani hahitaji mifano ya mbali. Katika mteremko wa magharibi wa mlima, wilayani Siha, ipo Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Siku hizo tiba ilikuwa hewa safi, chakula na mapumziko. Tangu mwaka 1970 Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia zilishiriki katika majaribio makubwa yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba dawa zikichanganywa vizuri, rifampisini ikiwamo, tiba ya miezi kumi na minane yaweza kufupishwa kuwa ya miezi sita.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma. Daktari Karel Styblo alishirikiana na wataalamu wetu kuutengeneza: kupima makohozi kwa hadubini, kumwandikisha kila mgonjwa, kuhakikisha kwamba dawa zipo, na kuangalia kwamba zinamezwa hadi mwisho. Njia hiyo ndiyo iliyoenezwa ulimwenguni na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990. Yafaa watoto wajue kwamba jambo hili dunia ililijifunza kwa zahanati na hospitali zetu.

Hata hivyo usugu umetufikia. Mwaka 2009 Kibong'oto ilianza kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu, yaani kile ambacho bakteria wake hawafi kwa rifampisini wala isoniazidi. Miaka ile tiba yake ilikuwa ndefu, karibu miaka miwili, pamoja na miezi ya sindano ambazo ziliweza kumpotezea mgonjwa uwezo wa kusikia. Baadaye huduma ilisambazwa katika mikoa mingine, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya vidonge ya miezi sita kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini tatizo si la kifua kikuu peke yake: ilikadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu wa aina mbalimbali.

Uendeshaji wa somo

Kipindi cha kwanza: Udongo ni hai

Vifaa: makopo mawili, udongo wa kihamba, vipande vya jani la mgomba, maji yaliyochemshwa na kupozwa, sufuria kuukuu.

Anza kwa harufu. Siku moja kabla ya kipindi anika udongo kidogo juani hadi ukauke kabisa. Darasani unyunyizie matone ya maji na uupitishe kati ya madawati, watoto wakiunusa kwa mbali bila kuugusa puani. Uliza: "Harufu hii mmeikuta wapi?" Watataja mvua za vuli au mwanzo wa masika. Usiwaambie jibu upesi. Waache wabishane kama harufu yatoka majini au ardhini, ndipo uwaeleze juu ya streptomisesi.

Kisha anzisha jaribio la makopo. Kopo A litiwe udongo wa kihamba kama ulivyo. Kopo B litiwe udongo ule ule uliokaangwa kwa moto mkali katika sufuria kwa muda wa nusu saa na kupoa. Kazi hii aifanye mwalimu mwenyewe, nje ya darasa. Zika kipande cha jani katika kila kopo, loanisha kwa maji yaliyochemshwa, funika, na uandike tarehe. Kila wiki kwa wiki nne watoto wafukue, watazame na kuchora. Jani la kopo A litaoza upesi zaidi.

Mwalimu awe mkweli: jani la kopo B nalo litaanza kuoza baadaye, kwa sababu jani lenyewe na hewa pia vina vijidudu. Mtoto akiliona hilo, asifiwe. Tofauti tunayoitafuta ni ya mwendo. Kila anayegusa udongo anawe mikono kwa sabuni.

Onyo: Mwalimu asijaribu kamwe kukuza bakteria darasani kwa supu, agari, maziwa au chakula kingine chochote. Katika sahani ya namna hiyo huota wabaya kwa wazuri, na shule haina vyombo vya kuwazuia wala vya kuwaangamiza. Hatua za utafutaji zifundishwe kwa chati na mchoro wa ubaoni.

Kipindi cha pili: Kutoka udongoni hadi kwenye kidonge

Simulia habari za Schatz na Waksman kama hadithi, ukichora hatua tano ubaoni moja baada ya nyingine. Kila hatua waulize watoto kwa nini haiwezi kurukwa. Kwa nini bakteria watawanywe? Kwa nini kemikali isafishwe? Kwa nini ipimwe sumu kabla ya kupewa mtu? Maswali haya matatu ndiyo yanayomtayarisha mtoto kulipokea jibu la swali la kitovu.

Jibu lenyewe litolewe katika kipindi hiki hiki, hata kama hakuna aliyeuliza. Lilipaswa kuwa hivi: "Dawa si udongo. Fikirini soko la Mbuyuni siku ya gulio. Mna mafundi hodari mle, mna wachuuzi, na mna wezi. Anayemwita fundi mmoja aje kwake hafungui mlango kwa soko zima. Wataalamu walimtoa bakteria mmoja udongoni, wakamlea peke yake, wakachukua kemikali yake tu, wakaisafisha na kuipima. Lakini anayepaka udongo kwenye kidonda au kitovu amelifungulia mlango soko lote, na katika soko hilo mna bakteria wa pepopunda."

Kisha eleza kwamba bakteria wa pepopunda hukaa udongoni na katika samadi, akiwa amejifungia ndani ya ganda gumu lisilokufa upesi kwa jua wala kwa ukavu. Akiingia katika jeraha lisilopata hewa huamka na kutoa sumu inayoikaza misuli. Mtoto mchanga hushindwa kunyonya, hukakamaa, na wengi hufa. Kitovu huachwa kikavu na kisafi, kama wahudumu wa kliniki wanavyoelekeza, na akina mama wajawazito hupata chanjo ya pepopunda ili wajilinde wao na watoto wao.

Jambo moja la adabu. Usimvunjie heshima bibi mbele ya mjukuu wake. Sema kwamba bibi alifanya kwa upendo, kwa maarifa aliyorithi, nasi leo tumejaliwa kujua zaidi. Mtoto akienda nyumbani kumdharau mzee wake, mzee hatasikia neno, na kitovu kijacho kitapakwa udongo kama kawaida.

Kipindi cha tatu: Mchezo wa maharage na mahindi

Vifaa kwa kila kikundi: sahani, maharage 100, punje za mahindi 40.

Gawa darasa katika vikundi vitatu. Kila sahani ni mwili wa mgonjwa, na huanza na maharage 40 na mahindi 4. Maharage ni bakteria wa kawaida. Mahindi ni bakteria walio sugu kwa dawa ya kwanza. Kila mzunguko una sehemu mbili: dawa huondoa punje, kisha zinazobaki huzaana, yaani kila punje huongezewa nyingine ya aina yake. Dawa ya kwanza huondoa maharage 30, au yote yakiwa machache kuliko hayo. Dawa ya pili huondoa mahindi 3, au yote yakiwa machache kuliko hayo.

Kikundi cha kwanza kitumie dawa ya kwanza peke yake. Baada ya mzunguko wa kwanza kitakuwa na maharage 20 na mahindi 8. Baada ya wa pili, maharage yamekwisha na mahindi ni 16. Baada ya wa tatu, mahindi ni 32, na dawa haina tena la kufanya.

Kikundi cha pili kitumie dawa zote mbili hadi mwisho. Baada ya mzunguko wa kwanza kitakuwa na maharage 20 na mahindi 2. Katika mzunguko wa pili sahani inabaki tupu. Mgonjwa amepona.

Kikundi cha tatu kitumie dawa zote mbili kwa mzunguko mmoja, kisha kiache. Kitabaki na maharage 20 na mahindi 2, na mgonjwa hujisikia nafuu. Mzunguko unaofuata hakuna dawa, punje huzaana tu: maharage 40 na mahindi 4. Waambie watoto wazihesabu tena polepole. Amerudi pale pale alipoanzia.

Mwisho uliza: "Je, mgonjwa huyu wa tatu akienda dukani kununua dawa ya kwanza peke yake, itakuwaje?" Wataona wenyewe kwamba njia yake sasa ni ile ya kikundi cha kwanza. Waeleze pia kwamba huu ni mfano tu: mwilini bakteria ni mamilioni, nao hawafi kwa hesabu nyepesi kama hii.

Maswali yanayomkwaza mwalimu

"Je, mwili huzoea dawa?" Lugha yetu hutupotosha hapa, kwa kuwa husemwa kwamba mtu amezoea dawa au ni sugu. Mwalimu asahihishe kwa upole: aliye sugu ni bakteria, wala si mgonjwa. Kwa hiyo mtu ambaye hajapata kumeza kidonge hata kimoja huweza kuambukizwa kifua kikuu ambacho tayari ni sugu.

"Dawa humfundisha bakteria kuwa sugu?" La. Kama ilivyokuwa kwa mahindi sahanini, sugu walikuwapo kabla, au walitokea kwa bahati katika kuzaana. Dawa iliwaondoa wenzao ikawaachia uwanja.

"Vidonge vya rangi mbili vyafaa kwa mafua?" Havifai. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki hazina nguvu juu ya virusi. Tena unga wa vidonge hivyo usimwagwe kwenye kidonda.

"Na ng'ombe je?" Ng'ombe wa zizini hutibiwa kwa antibayotiki za jamii hizo hizo. Apewe kipimo alichoagiza mtaalamu wa mifugo, na maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa hadi zitimie siku zilizoelekezwa.

Mwalimu asiulize kamwe darasani, "Nani kwao kuna mgonjwa wa kifua kikuu?" Katika mkoa huu huenda mtoto aliye mbele yako baba yake amelala Kibong'oto wiki hii. Mtoto huyo ahitaji kutoka darasani akijua kwamba ugonjwa hutibika, kwamba si laana wala aibu, na kwamba anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apelekwe kupimwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini anayemfanya mgonjwa ayafiche ni yule amwaibishaye.

Tathmini

Watoto waandike majibu mafupi ya maswali haya:

1. Taja dalili moja uliyoiona darasani inayoonyesha kwamba udongo una viumbe hai.
2. Kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu hupewa dawa zaidi ya moja?
3. Jirani yako amepata nafuu baada ya mwezi mmoja wa dawa za kifua kikuu na anataka kuziacha. Utamwambiaje?
4. "Dawa hutoka udongoni, kwa hiyo udongo ni dawa." Eleza kosa la maneno haya.

Swali la nne ndilo kipimo cha mwalimu mwenyewe. Likikosewa na watoto wengi, mwalimu asisonge mbele. Arudie kipindi cha pili kwa mfano mwingine.

Zoezi kwa mwalimu mwanafunzi: andaa somo hili kwa shule iliyoko tambarare, kwa mfano upande wa Kahe, ambako hakuna migomba wala mibuni ya mteremkoni. Badili mifano yote ilingane na mazingira ya watoto wa huko, bila kubadili madhumuni.

Hitimisho

Somo la sayansi halimaliziki kengele inapolia. Huendelea jikoni, zizini, na kando ya kitanda cha mama aliyejifungua. Kwa hiyo mwalimu anapoandaa somo la afya ajiulize: "Mtoto akikielewa nusu tu cha haya ninayosema, atakwenda kufanya nini?" Akiona kwamba nusu hiyo yaweza kudhuru, nusu ya pili na itangulie, na iandikwe kwanza ubaoni.

Na msimamizi aliyeketi nyuma ya darasa akisikia swali kama lile nililolisikia mimi, asingoje kipindi kijacho. Asimame alijibu.